Mdogo wangu wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) anataka kuiacha BAM, lile somo la hesabu. Hesabu inamsaidia nini mtu wa biolojia?

#1 Kaka wa Mbagala
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu yuko kidato cha tano, PCB, na tangu darasa la nne anasema atakuwa daktari. Kemia anaipenda, fizikia anajikongoja nayo vizuri tu, na biolojia ndiyo usiseme. Tatizo ni BAM. Juzi karudi likizo, usiku nikamkuta sebuleni amelalia daftari, ukurasa umelowa machozi. Akaniuliza, "Kaka, mgonjwa akija na homa nitamtibu kwa logi?" Nilikosa la kumjibu.

Mimi nilisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na nikisema kweli naona ana hoja. Viumbe vinazaliwa, vinaugua, vinakufa. Namba hazizaliwi. Wenye ujuzi naomba mifano inayoshikika. Ile ya "hesabu ni muhimu katika maisha" nimeshamwambia na haikumfuta chozi. Nawasilisha.

#2 Mzawa wa Keko
Namuunga mkono bibie. Nina miaka tisa dirisha la dawa. Hesabu yangu ya kila siku ni mbili kutwa mara tatu, basi. Biolojia ni kusoma na kukumbuka.

#3 Mwalimu Mstaafu Temeke
Kaka wa Mbagala, mwambie aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake ahesabu mapigo kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia atapata kama 72. Kila pigo, moyo unasukuma damu kama mililita 70. Azidishe: lita 5 na kidogo kwa dakika. Kwa saa ni lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Kwa siku ni madumu 360.

Sasa, kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga wa Ulaya walifundishwa kwamba ini linatengeneza damu kutokana na chakula, na mwili unaitumia yote ikaisha. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey akapiga hesabu ya aina hii. Makadirio yake ya kila pigo yalikuwa madogo kuliko haya ya leo, lakini hata hivyo kwa nusu saa moyo ulikuwa unapitisha damu nyingi kuliko iliyomo mwilini mwote. Ni chakula gani hicho cha kutengeneza madumu 360 kwa siku? Ikabidi akiri kwamba damu ni ile ile, inazunguka.

Na hakuwa ameona inapopitia kutoka mishipa inayotoka moyoni kwenda ile inayorudi. Vile vimishipa vyembamba Malpighi alivikuta kwa hadubini mwaka 1661, na Harvey alishafariki 1657. Kuzidisha kulimwonyesha njia ambayo jicho lilikuwa halijaiona.

#4 Chuma cha Reli
Shikamoo mwalimu. Nimejipima, 78. Mfano mzuri sana, ila kuzidisha ni darasa la tatu. Binti analia na logi, vipeo na uwezekano. Hapo je?

#5 Mwalimu Mstaafu Temeke
Marahaba. Swali la haki. Nawaachia walioko kazini.

#6 Binti wa Mbu
Niko kazini. Nimefanya kazi ya kukusanya mbu Kilombero misimu minne, naombeni mnisikilize taratibu.

Mbu jike akinyonya damu ya mgonjwa wa malaria leo, kesho hawezi kuambukiza. Vimelea vinahitaji kukua ndani yake siku kama 10 hadi 14, kutegemea joto. Swali la maana basi si "mbu wangapi wapo", ni "wangapi wanafikisha siku ya kumi". Mbu wengi wanakufa wakiwa wachanga.

Tuseme kila siku mbu 9 kati ya 10 wanaamka wazima. Baada ya siku kumi ni 0.9 kwa kipeo cha 10, ambayo ni 0.35. Katika mbu 100, 35 wanafika. Sasa weka dawa ukutani na chandarua chenye dawa, wawe wanaamka 8 kati ya 10. Ukiangalia kwa macho hujafanya kubwa, umeua mmoja zaidi katika kila kumi kwa siku. Lakini 0.8 kwa kipeo cha 10 ni 0.11. Wanafika 11. Wakiamka 7 kati ya 10, wanafika 3 tu.

Hilo hulioni kwa kukaa na kikombe cha kunasia mbu usiku kucha. Nimekaa, nawaambia, hulioni. Liko kwenye kipeo. George Macdonald ndiye aliyelionyesha miaka ya 1950: kufupisha maisha ya mbu aliyekomaa kunapunguza malaria kuliko kupunguza idadi yao kwa kiasi hicho hicho. Na logi anayoililia mdogo wako ndiyo tunayotumia kupata wastani wa siku mbu anazoishi.

Kingine. Ili malaria ihame, mbu lazima aume watu mara mbili: kuchukua, kisha kupeleka. Kwa hiyo chandarua kikipunguza kuumwa kwa nusu, maambukizi yanabaki nusu ya nusu, robo. Na hapo sijahesabu wanaokufa.

#7 Mzawa wa Keko
Dada umenikalisha. Kwa hiyo hesabu hizi ndizo zilizompa Ronald Ross tuzo ya Nobel?

#8 Binti wa Mbu
Hapana kaka. Nobel alipewa 1902 kwa kuonyesha kwamba mbu ndiye anayebeba malaria, kazi aliyoifanya India mwaka 1897 na 1898. Hesabu zilikuja baadaye, zimo kwenye kitabu chake cha 1911. Wakati ule watu walimwambia kupambana na mbu ni kupoteza muda kwa sababu huwezi kuwamaliza wote. Akaonyesha kwa milinganyo kwamba si lazima uwamalize, kuna kizingiti, ukiwashusha chini yake ugonjwa unakufa wenyewe. Macdonald aliendelea kutokea hapo.

#9 Mama Wawili Tabata
Nimesoma kimya mpaka hapa, naomba niulize kitu ambacho sijawahi kumuuliza mtu.

Mwanangu wa kwanza aligundulika na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akiwa na mwaka na miezi miwili. Ilianza kwa kuvimba vidole vya mikono na miguu, tukadhani ameumwa na mdudu. Tukapima wote, mimi na baba yake ni wabebaji. Mhudumu wa kliniki moja akatuambia, "Kwenu ni mmoja kati ya wanne. Huyu ndiye wenu, watatu wanaofuata wako salama." Tukashukuru. Tukapata wa pili. Naye anayo.

Mama mkwe hajaniangalia vizuri tangu siku hiyo. Sasa niambieni, ile mmoja kati ya wanne ilikuwa uongo?

#10 Mwalimu Mstaafu Temeke
Pole sana mwanangu. Namba haikuwa uongo, maelezo ndiyo yalikuwa na kosa.

Chukua shilingi mbili. Moja yako, moja ya baba watoto. Kila mmoja wenu ana nakala moja nzima ya kinasaba na moja yenye kasoro, na kwa kila mimba kila mmoja anarusha yake. Mtoto anaugua zikiangukia kasoro zote mbili: nusu ya nusu, robo. Mimba inayofuata mnarusha upya. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita.

Kwa hiyo wa pili alikuwa na robo ile ile, kana kwamba wa kwanza hakuwahi kuzaliwa. Familia za wabebaji wawili wenye watoto wawili, katika kila 16, moja kwa wastani inakuta wote wawili wanaugua. Ninyi ni mmoja wa hao. Hakuna aliyekosea, si wewe wala mwenzio, na mama mkwe anaweza kuonyeshwa hili kwa sarafu mbili mezani.

Na hata wenye watoto wanne si kwamba lazima mmoja augue. Robo tatu kwa kipeo cha 4 ni kama 0.32. Familia 32 katika 100 wanapata wanne na hakuna anayeugua. Ndiyo maana watu husema "mbona fulani na fulani wote wabebaji na watoto wao wazima".

Kaka wa Mbagala, hii ni mada ya uwezekano kwenye BAM. Mhudumu yule angekuwa ameielewa, familia hii ingeamua ikiwa na macho wazi.

#11 Mama Wawili Tabata
Mwalimu, nimemsomea baba watoto kwa sauti. Tumelia kidogo. Asante.

#12 Chuma cha Reli
Pole mama, Mungu awakuzie.
Mwalimu, hizo robo si ndizo za Mendel?

#13 Mwalimu Mstaafu Temeke
Ndizo. Njegere za Gregor Mendel, alizochapisha 1866: mbegu laini 5,474, zilizokunjamana 1,850. Gawanya upate 2.96. Watu walishachanganya mbegu kabla yake, ila yeye alikaa akahesabu moja moja, na alikuwa amesoma fizikia na hesabu Vienna. Akaona tatu kwa moja, na kutoka hapo akajua kuna vitu viwili viwili vinavyogawanyika. Kinasaba hakuna aliyekuwa amekiona.

#14 Binti wa Mbu
Niongeze kwa mama wa Tabata. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba mwenye nakala moja ya selimundu, kama ninyi wazazi, ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki hakijafutika sehemu zenye malaria. Upande mmoja kinaua walio na nakala mbili, upande mwingine kinaokoa wenye moja, na kiwango chake kinatulia pale pande mbili zinapolingana.

#15 Mkwezi wa Bagamoyo
Naona mnazungumzia magonjwa tu. Hesabu iko kwenye umbo lenyewe. Chukueni nanasi la Kiwangwa, muangalie macho yake. Yamepangana kwa mistari inayopanda ikizunguka. Hesabu mistari inayopanda kwa mlalo kwenda kulia, kisha kushoto, kisha ile iliyosimama zaidi. Mimi nimepata 8, 13 na 21. Hizo ni namba za Fibonacci, kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia. Fibonacci alizigundua kwa kuangalia mimea. Nanasi linajua hesabu!

#16 Chuma cha Reli
Mkwezi, Fibonacci hakuangalia mimea. Kitabu chake cha 1202 kinauliza juu ya sungura wanaozaana, na wasomi wa India walizijua namba hizo kabla yake. Halafu nanasi halijui chochote. Kila jicho jipya linaota pale penye nafasi kubwa zaidi kati ya yaliyotangulia. Mwaka 1992 Wafaransa Douady na Couder walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku, yanayosukumana, moja baada ya jingine. Matone yakajipanga kwa mistari hiyo hiyo ya Fibonacci, na pembe ya karibu nyuzi 137.5 kati ya tone na tone. Matone hayana uhai.

#17 Mkwezi wa Bagamoyo
Umezidi kunipa nguvu. Kama nanasi na tone la sumaku vinatii namba ile ile, basi namba ndiyo iliyotangulia.

#18 Chuma cha Reli
Kilichotangulia ni kusukumana. Namba ni namna yetu ya kulieleza.

#19 Mfugaji Kitunda
Mimi sijui nani alitangulia, ila hesabu iliniokolea mtaji. Banda la kwanza niliweka vifaranga 200 Juni, ile baridi ya Dar ambayo sisi tunavaa sweta dogo tu. Nikasema joto la Kitunda linatosha. Asubuhi ya tatu nikaokota 31, wamelaliana pembeni.

Mtaalamu wa mifugo akanichorea boksi kwenye mchanga. Boksi likiwa kubwa mara mbili kwa kila upande, ngozi yake inakuwa mara nne lakini nyama mara nane. Joto linatengenezwa na nyama, linapotelea kwenye ngozi. Kifaranga wa gramu 40 na kuku wa kilo 1.6 wanatofautiana uzito mara 40, na kipeuo cha tatu cha 40 ni kama 3.4. Kwa hiyo kwa kila gramu yake, kifaranga ana ngozi ya kupotezea joto mara tatu na nusu hivi kuliko mama yake, tena manyoya bado. Toka siku hiyo jiko la mkaa na taa haviondoki wiki tatu za mwanzo.

Nikaelewa na ya samaki wa soko la Feri: ndiyo maana dagaa anaanikwa asubuhi jioni amekauka, na samaki mkubwa kama changu lazima umpasue.

#20 Daktari wa Ng'ombe
Mfugaji umeeleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa mwaka wa kwanza. Mzawa wa Keko, hii ni ya kwako wa dirishani. Mwaka 1962 Oklahoma City, Marekani, watafiti walimchoma tembo aitwaye Tusko dawa ya LSD. Walichukua kiwango cha paka wakazidisha kwa kilo za tembo, wakapata miligramu 297. Alianguka ndani ya dakika tano na akafa kabla ya saa mbili. Tembo si paka aliyezidishwa. Max Kleiber alishaonyesha 1932 kwamba mwili hautumii nishati sawasawa na uzito, bali uzito kwa kipeo cha robo tatu. Mnyama mzito mara 10,000 anatumia nishati mara 1,000 tu.

#21 Mzawa wa Keko
Hii nimeikubali. Dozi za watoto kwa kilo nazitoa kila siku na sikuwahi kujiuliza kwa nini za watu wazima hatuzipigi tu kwa kilo hivyo hivyo.

#22 Mfugaji Kitunda
Daktari, samahani. Kama joto linapotea kwa ngozi, kipeo si kingekuwa theluthi mbili? Boksi langu linasema mbili juu ya tatu.

#23 Daktari wa Ng'ombe
Umegusa penyewe. Rubner alisema theluthi mbili tangu 1883, kwa hoja yako ya ngozi. Kwa kipeo hicho yule wa mara 10,000 angetumia kama mara 464. Vipimo vya Kleiber vikaangukia robo tatu, na 1997 West, Brown na Enquist wakaeleza kwamba inatokana na jinsi mishipa inavyogawanyika matawi mpaka kila seli. Wengine hawajakubali, wanasema ukichambua vizuri theluthi mbili inarudi. Mimi niko robo tatu.

#24 Mfugaji Kitunda
Mimi na vifaranga wangu tuko theluthi mbili.

#25 Mpinzani wa Hoja
Wakuu, mmejaa furaha, naomba niweke jiwe. Dada wa mbu amesifu hesabu za Macdonald. Mpango wa dunia wa kutokomeza malaria ulizinduliwa 1955 na hesabu za aina hiyo mkononi. Mwaka 1969 lengo la kuitokomeza likawekwa pembeni. Mbu walipata usugu wa DDT, ile dawa ya kuua wadudu, wengine wakawa hawatui ukutani. Na Afrika yetu sehemu kubwa iliachwa nje ya mpango. Kiumbe kinabadilika, mlinganyo haubadiliki. Hapo ndipo namwelewa mdogo wa Mbagala.

#26 Binti wa Mbu
Jiwe lako ni la kweli na linaniuma, maana chandarua ninachogawa leo kinakutana na mbu wanaouma saa moja jioni watu wako barazani. Lakini kosa ni kuganda na namba za jana. Ile 0.8 yangu inapimwa upya kila msimu.

Na usugu wenyewe tuliuelewa kwa hesabu. Mwaka 1943 Luria na Delbrück walijiuliza: bakteria wanajifunza usugu wakikutana na adui, au wachache walishakuwa nao? Walikuza bakteria kwenye vichupa vingi, kisha wakawamwagia kirusi kinachowaua. Kama wanajifunza, kila kichupa kingebaki na manusura wa idadi inayokaribiana. Wakakuta vingi havina hata mmoja na vichache vina mamia. Mtawanyiko huo unatokea tu kama mabadiliko yalikuwepo kabla, kwa bahati, na yakazaana.

#27 Mpinzani wa Hoja
Umejibu nusu. Kwamba hesabu inaeleza kilichopita nakubali. Kutabiri kiumbe ndiyo bado.

#28 Mkwezi wa Bagamoyo
Mpinzani, mkia wa chui je? Alan Turing mwaka 1952 aliandika milinganyo ya kemikali mbili, moja inachochea rangi, nyingine inaizuia na kusambaa haraka zaidi. Fikiria vijiwe vya bodaboda. Penye bodaboda wawili wanakuja wengine, lakini kijiwe kikishakomaa kinamaliza wateja, kingine hakiwezi kuanza jirani. Matokeo barabara nzima ina vijiwe vilivyoachana, hakuna aliyevipanga. Ndivyo madoa yanavyotokea. James Murray akaonyesha baadaye kwamba kwenye bomba jembamba kama mkia doa halipati nafasi, linazunguka na kuwa pete. Kwa hiyo mnyama wa madoa anaweza kuwa na mkia wa pete, wa mistari hawi na mkia wa madoa. Tazama ncha ya mkia wa duma.

#29 Daktari wa Ng'ombe
Mistari ya punda milia ipo kwa ajili ya nzi. Tim Caro na wenzake 2019 waliwavalisha farasi mashuka ya mistari, nzi wakashindwa kutua vizuri. Mbung'o nao hawapendi mistari.

#30 Chuma cha Reli
Hayo ni maswali mawili. Caro anajibu mistari inafaa nini, Turing anajibu inachorwaje.

#31 Mpinzani wa Hoja
Na nani amezishika mkononi kemikali za Turing kwa punda milia? Yule mtoto wa punda milia aliyeonekana Maasai Mara 2019 ana madoadoa mwili mzima, mlinganyo ulikuwa wapi?

#32 Mkwezi wa Bagamoyo
Madoadoa yanatoka kwenye mlinganyo ule ule, ukibadilisha kipimo kimoja. Na kwa vidole vya kijusi cha panya, vinavyojipanga kwa namna hiyo hiyo, 2014 watafiti walizitaja molekuli zenyewe.

#33 Kaka wa Mbagala
Wakuu nimerudi. Nimempa simu asome yote. Alipofika kwa mama wa Tabata alinyamaza muda mrefu, akachukua sarafu mbili kwenye kopo la chenji akaanza kurusha na kuandika. Mara 40. Amepata 13 za kasoro zote mbili, anataka kujua kwa nini si 10.

#34 Mwalimu Mstaafu Temeke
Mwambie arushe mara 400, aone umbali kutoka robo unavyopungua. Kisha afungue sura ya uwezekano mwenyewe.

#35 Shangazi wa Mabibo
Mimi nauza matunda hapa Mahakama ya Ndizi, mmenipotezea asubuhi nzima kwa jambo zuri. Nimehesabu mananasi manne kwa kubandika pini kwenye macho nisipotee. Mawili makubwa 8, 13, 21, kama alivyosema Mkwezi. Dogo moja 5, 8, 13. La nne lina vichwa viwili na limebanwa ubavuni, mistari ikifika katikati inavurugika, nimerudia mara tatu nikashindwa. Sijaliuza, nimeliweka chini ya meza. Chuma na Mkwezi, mmoja wenu apite alitazame kabla halijaiva.